Hodi Tatu Katika Bohari la Mbata

Mbarak alizikwa Jumanne iliyopita. Nilikwenda matangani kwake Mtongwe, nikaketi mkekani pamoja na binti yake na wajukuu, nikawasikiliza wakimsifu. Walisema alikuwa mtu wa kazi, hamali aliyebeba magunia kivukoni tangu ujana wake mpaka mgongo ulipokataa. Walisema alikuwa mpole wa maneno na hakukosa sala ya jamaa. Yote hayo ni kweli. Lakini nilipouliza kama kuna anayejua kwamba marehemu alikuwa mwimbaji, na kwamba kwa muda wa mwaka mmoja alikuwa mwanamke mjane mbele ya watu wa Likoni, mjukuu mmoja alijizuia kucheka na mwingine akamwinamia mwenzake akanong'ona kwamba nyanya amechoka. Sikuchoka. Nilirudi nyumbani, nikamwita Rehema, mwana wa mwanangu, nikamwambia achukue kalamu. Andika nisemavyo, Rehema, wala usinipambie. Mimi sikuingia shule hata siku moja, ila kilichoingia masikioni mwangu hakikupata kutoka. Habari za ukoo utamwuliza mjomba wako, yeye huzipenda. Mimi nautaka mwaka mmoja tu, ule uliofuata kwisha kwa vita, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na saba nikikaa Likoni kwa shangazi yangu Mwanamisi.

Nyumba ya shangazi ilikuwa na ukumbi mwembamba, vyumba viwili na ua nyuma, na ukuta wa ua huo ulikuwa ndio ukuta wa bohari la mbata. Upande huu wa ukuta kulikuwa na meko yetu, kinu, mtungi wa maji na kitanda kibovu alichokalia shangazi akichambua mchele. Upande wa pili zilikuwa zikirundikwa nazi kavu, mpaka vita vilipokwisha na mwenye bohari akaliacha tupu. Harufu ya mbata haikuondoka. Ilikuwa imekwisha ingia katika chokaa, na mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya nazi yaliyokaa sana, kitu cha kwanza ninachokisikia baada yake ni fidla. Kwa maana bohari lile lilichukuliwa na Fundi Athumani. Huyu alikuwa mshonaji wa kanzu, mtu mrefu mwenye utepe wa kupimia shingoni wakati wote, hata akenda kuoga nadhani. Alichukuliwa jeshini akapelekwa nchi za mbali za Asia, akarudi na turubali moja la hema na jambo moja kichwani. Huko, katika kambi, aliona askari wakicheza hadithi jukwaani, na katikati ya maneno wakaanza kuimba, kisha wakaendelea na maneno kama vile hapakutokea kitu. Aliporudi alikusanya vijana wanane, mmoja na udi wake, mmoja na fidla, wengine dumbaki na tari, akawaambia watafanya hivyo hivyo kwa Kiswahili. Watu wa Likoni walicheka. Kuimba walikujua, na hadithi walizijua, lakini kuchanganya hayo mawili waliona ni ulevi. Jirani yetu mmoja alisema mlangoni kwetu, "Ati mtu amefiwa, badala ya kulia aimba? Na mwenzake aliye karibu naye hamshiki mkono kumpeleka kwa mganga?"

Mimi sikucheka. Kila siku baina ya alasiri na magharibi, wakati wa mazoezi, nilijitafutia kazi ya ukutani. Nilitwanga nafaka iliyokwisha twangwa. Nilisugua masufuria mpaka shangazi akasema nitayatoboa. Nilichokuwa nikikisikia sikuwa nimekisikia kabla: kwenye harusi wimbo huja ukapita, kila mtu auvika maana yake, huku wimbo ulikuwa na mwenyewe. Ulitoka kwa mtu mmoja kwa sababu ya jambo moja, na usipoufahamu wa jana huwezi kuufahamu wa leo. Niliwapa sauti zile nyuso. Yupo aliyekuwa mfanyabiashara mwongo, nikamfanya mnene mwenye pete. Yupo aliyekuwa mwana anayekwenda vitani, nikamfanya mzuri kupita kiasi. Na ilikuwako sauti moja, ya mjane, mama wa yule mwana, nyembamba na ya chini, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa kila mstari, na hiyo sikuweza kuipa uso. Nilipokuwa nikiisikia niliacha kutwanga. Wasichana wenzangu walipokuja kusuka ukili uani kwetu nilibishana nao kwa ukali kama watu wanaogombania kiwanja. Waliuliza, mtu aliye taabuni aimba vipi? Niliwajibu kwamba mtu akisema shida yake wamkatiza, akilia wamnyamazisha, lakini akiimba wote hungoja amalize. Sikuambiwa na mtu neno hilo. Nililiona mwenyewe pale penye kinu, na mpaka leo sijapata sababu ya kulibadilisha.

Wanaume walionyeshwa mchezo mara nne, nao walirudi majumbani wakisimulia vibaya, maana mwanamume akisimulia mchezo husimulia mwisho. Wanawake hawakuruhusiwa. Fundi Athumani alikuja mlangoni petu kila Jumamosi kuchukua sinia la mahamri ambalo shangazi aliwapikia vijana, akisimama nje, nasi tukiwa ndani, nyuma ya mlango, na kila mara shangazi alipomwuliza habari hiyo alijibu kwa ufupi kwamba haiwezekani. Siku moja wakati wa mazoezi vijana walibishana kuhusu beti, upi waja kwanza, na yule mpiga udi akashikilia ule wa kisima. Sikuweza kuvumilia. Nilipaza sauti ukutani: "Wa mlango ndio wa tatu. Wa kisima ni wa nne, na Jumatano mliuimba mara mbili kwa makosa." Kisha nikasikia mtu akicheka, na viatu vikizunguka nyumba.

"Nani aliyesema?" Fundi akauliza mlangoni.

Shangazi akanitazama kwa jicho ninalolijua, akasema, "Mwanaisha, mwana wa kakangu. Amekuvunjia heshima?"

"Amenivunjia mpiga udi. Wewe Mwanaisha, wajua beti ngapi?"

"Abee. Zote," nikasema.

"Za nani?"

"Za wote. Na mjane havuti pumzi baada ya 'waliokula kwangu', ndiyo maana mkwaruzo waja mapema."

Nikaona ni wakati wangu, nikamwambia kwamba ni dhuluma mtu kuujua mchezo kwa masikio na kuharamishiwa macho. Akaeleza sababu yake, na haikuwa sababu mbaya. Alisema mchezo si harusi. Harusini mwimbaji akikugusa moyo wainuka, wamwendea, wamtunza kwa leso au kwa kikuba cha asumini, naye afurahi. Katika mchezo, anayeimba hayuko mbele yenu. Yuko nyumbani mwake katika hadithi, na mtu akinyanyuka kumtunza nyumba hiyo yabomoka. "Wanaume niliwaambia wakae, wakakaa. Nyinyi mtakaa?" Nikamwambia tutakaa. Akaniambia, "Ni neno lako?" Nikasema ni neno langu. Akasema basi Jumamosi ijayo, baada ya alasiri, wanawake na waje. Na akinyanyuka hata mmoja, mlango wa bohari hautafunguliwa tena kwa mwanamke maadamu yeye yu hai. Hakuwa mtu wa kutishia. Nilijua kwamba aliyosema ndiyo yatakayokuwa.

Wiki ile nilipita nyumba kwa nyumba na buibui langu, nikila muhogo wa nazi hapa na kaimati pale, nikifundisha wanawake wazima namna ya kukaa. Wengine waliniambia sina adabu. Bibi mmoja aliniuliza, "Na nikitaka kukohoa?" Nikamwambia akohoe baina ya nyimbo. Niliwafanya waape, mmoja mmoja. Mwaka ule nguo zilikuwa adimu, sukari ilikuwa ya kupimwa, na mimi nilikuwa na doti moja tu ya leso mpya. Nilijifunga kipande kimoja na cha pili nikajitanda ndani ya buibui, kwa sababu niliona sitaingia mahali pale na leso kuukuu. Tuliketi kwenye mikeka, kiasi cha wanawake arubaini, shangazi upande wangu wa kulia. Mwanga ulishuka kwa matundu ya makuti. Wapiga vyombo walikaa nyuma ya shuka. Turubali la jeshi likavutwa, nami nikaona kwa mara ya kwanza ule ulimwengu ambao nilikuwa nikiishi ndani yake miezi mitano.

Mfanyabiashara mwongo alikuwa mwembamba kama ufito. Mwana mzuri alikuwa na pengo. Hayo niliyasamehe mara moja. Lakini alipoingia mjane, amejifunga kisutu, akaketi juu ya kitanda cha kamba mbele ya mlango wa mbao uliosimamishwa peke yake bila ukuta, nilimtambua: alikuwa Mbarak, hamali aliyekuwa akipita mbele ya nyumba yetu kila asubuhi na kamba shingoni, ambaye sikupata kumsikia akisema zaidi ya "nipisheni". Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko ya mtu yeyote mle ndani. Nikafikiri, basi imeharibika. Kisha akaanza kuimba, na mikono ile ikawa ya mwanamke aliyetwanga maisha yake yote. Mwanawe amekwenda vitani, yeye mgonjwa, watu wamemsahau. Hadithi ilikuwa hiyo tu. Akafika ubeti wa tatu:

Mlango haubishwi, hodi siisikii,
waliokula kwangu, leo hawanijii.

Sitasema kwamba sikujua nifanyalo. Nilijua. Nilikuwa nimeapisha wanawake arubaini, na wa kwanza kuinuka nilikuwa mimi. Nilikwenda mpaka pale kitandani, nikavua leso yangu mpya nikamfunika mabegani, nikampangusa uso kwa ncha yake. Nikasikia mikeka yote nyuma yangu ikilia. Mbarak alininong'oneza bila kuondoa macho kwenye mlango wake, "Dada, rudi ukae. Mimi hapa niko peke yangu." Nikamwambia, "Hapana, huko peke yako." Wakati huo vikuba vilikuwa vimekwisha jaa mapajani mwake, na bibi wa kikohozi alikuwa ameketi naye kitandani akimpepea. Mpiga fidla, kwa kuwa yu nyuma ya shuka haoni, alirudia kipande kile kile mara kwa mara, na Mbarak, maskini, akaimba tena kwamba hakuna anayemjia, wanawake thelathini wamemzunguka. "Mbona asema hatukuja?" mmoja akauliza. "Sisi hawa hapa." Mwingine akasema, "Mpisheni apate hewa." Kisha Fundi Athumani akatoka nyuma, utepe shingoni, akashusha turubali kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Mchezo umekwisha. Nendeni majumbani."

Jioni ile maneno yalienea kwamba mwana wa kakake Mwanamisi amemvisha mwanamume leso hadharani. Nami ninasema leo kama nilivyosema siku ile: sikumvisha mwanamume. Nilimfunika mjane. Shangazi hakunigombeza. Alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akala kidogo sana, akanyamaza, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko fimbo, kwa sababu uso wake haukuwa wa mtu aliyekasirika.

Asubuhi yake Fundi alikuja kurudisha sinia. Kulirudisha tupu, kusafishwa na kukaushwa, kulikuwa na maana moja tu, kwamba hakutakuwa na mahamri tena. Nilisema kutoka nyuma ya mlango kwamba kosa ni langu, na neno lililovunjika ni langu, wenzangu wasiadhibiwe. Akasema neno lake yeye halijavunjika. Nikamwambia, kwa ukali ambao sasa ninausikitikia kidogo, "Lakini mchezo wako umekosa kitu, Fundi. Umeonyesha mwanamke wa mji huu amelala mgonjwa na majirani hawaji. Mji upi huo? Ndiyo maana tuliinuka. Hatukuweza kuketi tukakubali uongo."

Akasema taratibu, "Si uongo. Mamangu alikufa hivyo, katika nyumba ile pale, mimi nikiwa vitani. Mlango umefungwa kwa ndani, wanaume wakauvunja. Nilipouliza nani alikuwa naye, hapana mwanamke wa mtaa huu aliyenijibu. Kila mmoja aliinamisha macho."

Hapo ndipo nilipoona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Nilizijua beti zote, nikijua ni wapi pa kuvuta pumzi, na sikuwahi kujiuliza zilikuwa za nani. Na mama mwenyewe, Bi Mwanatumu, nilimjua. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano nikimpelekea uji.

Shangazi aliweka ungo chini. "Athumani, mwanangu," akasema, "ingia ukumbini, uketi." Hakupata kuingia ndani ya nyumba ile kabla ya siku hiyo. Akaketi. Shangazi akafunga leso yake vizuri, akasema naye kutoka chumbani, pazia baina yao. "Mimi ndimi niliyemwosha mamako. Nawe wajua mwosha maiti hatakiwi kusema aliyoyaona ubaoni. Wote uliowauliza ni wale tuliokuwa pamoja ubaoni, na ndiyo maana waliinamisha macho. Tuliona tukianza kusema tutapita mpaka. Ya ubaoni sitakwambia hata leo, hayo ni yake. Lakini yaliyokuwa kabla ya ubao nimeyanyamazia kupita nilivyoagizwa, na jana nimekuona umeyafanyia nyimbo." Kisha akamweleza. Kwamba wanawake sita walilala kwa Bi Mwanatumu kwa zamu muda wa siku arubaini. Kwamba alipenda viazi vitamu vya kuchemsha na kukataa kila kitu kingine ila uji. Kwamba alfajiri ya mwisho zamu ilikuwa ya shangazi, na mgonjwa alimtuma aende nyumbani akatie chai, kwa kuwa ameamka na nafuu. "Mbuzi wa jirani walikuwa wakiingia ukumbini kwake asubuhi, nao aliwachukia sana. Alijikokota akatia komeo mwenyewe, ili wasimwingilie mimi nikiwa sipo. Niliporudi na birika nilipiga hodi tatu. Mwanaisha alikuwa nyuma yangu na uji, muulize. Hodi tatu, Athumani. Mlango wa mamako ulibishwa."

Fundi aliushika utepe wake kwa mikono miwili. Mwishowe akauliza, "Aliwachukia mbuzi?" na shangazi akasema, "Wallahi, akiwarushia kata." Nikamsikia akicheka, kisha akawa hacheki. Tulimwacha. Shangazi alinifanyia ishara nichochee moto, tukamwandalia chai ya tangawizi na mahamri katika sinia lile lile.

Lakini alikuwa na neno lake, na alipoondoka alisema mlangoni kwamba alisema maadamu yu hai, na yu hai. Shangazi akamjibu kwamba yeye ameulegeza ulimi wake baada ya miaka miwili, na Fundi akiulegeza wake baada ya siku moja, mzigo wake ni mwepesi zaidi. Akaenda zake. Bohari lilinyamaza majuma matatu, na nilidhani nimejiondolea kwa mkono wangu kitu pekee nilichokitaka duniani. Kisha alasiri moja nikasikia udi ukirekebishwa, na sauti ya Fundi ikigonga ukuta wetu: "Mwanaisha. Ile hodi ya shangazi yako, aliipiga vipi?"

Nikamwonyesha, kupitia ukuta. Akasema, "Tena." Nikasema tena. Akasema kwamba amemjaribu kila kijana wake na hapana aliyeipata, na kwamba nyuma ya ule mlango wa mbao jukwaani pana nafasi ya mtu mmoja kusimama asionekane na yeyote. Shangazi ndiye aliyetoa ruhusa, kwa sharti kwamba aketi na mimi huko nyuma, naye aliketi, na ungo wake, akichambua mchele gizani kwa vidole.

Siku Fundi alipolegeza neno lake akawaita wanawake mara ya pili, hawakuapishwa. Mbarak aliketi kitandani, na mabegani alijitanda leso yangu, ambayo hakunirudishia wala sikuiomba. Akaimba ubeti wa tatu mpaka mwisho wake, fidla ikakoma. Nikasema hodi ya kwanza kama mtu aliyeshika birika la moto. Nikasema ya pili kwa sauti ya juu zaidi. Ya tatu niliisema kwa sauti ya chini, kwa maana shangazi aliposema ya tatu alikuwa amekwisha jua. Nilingoja pumzi moja. Kisha Mbarak akaitika upande wa pili, kwa ile sauti nyembamba yenye mkwaruzo, "Karibuni. Mlango u wazi," na mikekani wanawake wote wakasimama, kwa kuwa sasa ilikuwa ruhusa. Fundi Athumani alikuwa amejibanza pembeni, karibu nami. Sikumtazama.

Tulifanya hivyo mara sita mwaka ule, kisha mbata ikapanda bei na mwenye bohari akalitaka bohari lake. Sikupanda jukwaa lingine. Niliolewa, nikazaa, nikalea, na sikuwahi kujihesabu kuwa mtu aliyekosa kitu.

Jumanne iliyopita, kabla sijaketi mkekani Mtongwe, nilisimama kwanza nje. Mlango wa nyumba ya matanga huachwa wazi, hapana abishaye. Mimi nilibisha. Nilisema hodi tatu, kwa mpango ule ule, nikangoja pumzi moja. Wajukuu wakatazamana. Binti yake ndiye aliyeitika kutoka ndani, "Karibuni," na mwishoni mwa neno hilo ulikuwako mkwaruzo.